SOMO: Kuchagua njia halali ya malipo kwa soko la mtandaoni lenye wauzaji na wanunuzi (Mtwara na Lindi)

Habari zenu wadau. Vijana wa huku Kusini wanajenga masoko mazuri ya mtandaoni. Yupo anayewaunganisha wavuvi wa Mikindani na wanunuzi wa Dar, yupo wa vinyago vya Kimakonde, yupo wa korosho zilizobanguliwa. Ukiwauliza hela inapita wapi, wengi wanajibu: "Inaingia kwenye laini yangu, halafu namrushia muuzaji." Hapo ndipo somo hili linapoanzia.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inamtaka anayetoa huduma za malipo awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Ukiuza pweza wako mwenyewe, hela ni yako na hakuna neno. Ukianza kupokea hela za wanunuzi, kukaa nazo, kisha kuzigawa kwa wauzaji, unaingia kwenye kazi inayohitaji leseni hiyo. Na tuiweke sheria pembeni kidogo: laini ikifungiwa, simu ikiibwa, au wewe mwenyewe ukifariki ghafla, hela ya yule mama wa pweza imo kwenye jina lako. Ndugu zako hawamjui, na hana karatasi ya kuwaonyesha. Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Hatua ya 1: Chora njia ya hela kwenye karatasi

Chukua oda moja ya mfano. Mnunuzi wa Dar analipa 100,000. Kamisheni yako ni asilimia 5, yaani 5,000. Makato ya mtoa huduma wa malipo (kampuni inayokusanya na kupitisha hela) tuseme asilimia 2, yaani 2,000. Je, muuzaji anapata 95,000 au 93,000? Makato anayabeba nani? Mzigo ukioza njiani, nani anarudisha nini? Na kwa kila kituo hela inapotua, andika ni mali ya nani kwa wakati huo. Ukishindwa kujibu hapo, usimtafute mtoa huduma kwanza.

Hatua ya 2: Rasmisha biashara

Jina au kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA, leseni ya biashara ya halmashauri. Bila hivi watoa huduma wa maana hawatakufungulia akaunti ya biashara.

Hatua ya 3: Chagua mfumo

Kwa anayeanza, mfumo mwepesi ni mnunuzi kumlipa muuzaji moja kwa moja kwenye Lipa Namba ya muuzaji huyo, nawe unatoza ada ya kuweka tangazo au ya mwezi. Hushiki hela ya mtu. Udhaifu wake ni kwamba mnunuzi hana kinga akitumiwa mzigo mbovu.

Mfumo ninaoupendelea ni wa kumtumia mtoa huduma mwenye leseni. Yeye anakusanya kutoka M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, Mixx by Yas (ambayo wengi bado tunaiita Tigo Pesa) na benki, kisha anagawanya: kamisheni kwako, inayobaki kwa muuzaji. Wewe unatoa maelekezo tu.

Kwa miamala mikubwa, kaa na benki mfungue akaunti ya dhamana, yenye mkataba unaosema hela inaachiwa kwa masharti gani. Kuomba leseni yako mwenyewe Benki Kuu kunawezekana, ila kunadai mtaji, mifumo na watu. Soko changa halina haja ya kuanzia huko.

Hatua ya 4: Hakiki leseni

Usitosheke na nembo kwenye tovuti ya mtoa huduma. Benki Kuu inachapisha orodha ya wenye leseni, itafute hapo kwa jina la kampuni lililosajiliwa, maana jina la biashara linaweza kuwa tofauti. Ukibaki na shaka, tawi la Benki Kuu lipo hapa Mtwara mjini. Nenda ukaulize.

Hatua ya 5: Uliza kabla ya kusaini

Hela inamfikia muuzaji baada ya muda gani? Mnunuzi akirudishiwa hela, makato yanarudi au yanapotea? Muamala ukikwama katikati, namba ya msaada inapokelewa na mtu Jumapili? Na kubwa zaidi: hela inaweza kushikiliwa kwa siku ngapi kabla ya kuachiwa? Sisi mizigo yetu inapanda basi kwenda Dar, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga. Soko lililoweka siku mbili za kushikilia hela lingemlipa muuzaji ilhali mzigo umelala njiani. Muda huo uandike kwenye mkataba, na kipengele cha dharura kiwepo.

Hatua ya 6: Usiamini meseji, amini mfumo

Matapeli hutuma meseji ya "Umepokea Tsh 100,000" kutoka namba ya kawaida, imeandikwa kama ya mtandao kabisa. Muuzaji yuko ferini, mikono ina maji ya chumvi, anasoma juu juu na kukabidhi mzigo. Picha ya skrini ndiyo mbaya kabisa. Oda yako iwe "imelipwa" pale tu seva ya mtoa huduma inapoithibitishia seva yako, basi. Muuzaji aone alama hiyo ndani ya programu ndipo apakie.

Pia unakusanya majina, simu na namba za NIDA za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, jisajili kwenye Tume yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Shikamoo mwalimu. Naweza kuwaunganisha wakulima wa korosho ghafi na wanunuzi kwa njia hii?

Jibu: Marahaba. Hapana. Korosho ghafi inapita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), stakabadhi ghalani na mnada. Kuinunua pembeni ni kangomba, yaani ununuzi haramu nje ya mfumo huo, hata kama imefanyikia kwenye programu nzuri yenye malipo halali. Jenga soko la zilizobanguliwa, na hapo vikundi vya akina mama wabanguaji wanakuhitaji sana.

Kilwa Masoko: Mkuu, kodi nalipa kwenye ile 100,000 au kwenye 5,000 yangu?

Jibu: Mapato yako ni kamisheni, mradi mkataba unaonyesha wewe ni wakala na mauzo ni ya muuzaji. Ndiyo maana laini binafsi ni hatari: rekodi itasoma kwamba yote yameingia kwako. Kiwango cha kujisajili VAT ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, na hela za watu zikipita kwako utaonekana umekifikia kabla ya wakati. Beba ripoti za mtoa huduma, kaa na afisa wa TRA mapema.

Newala: Nina mchongaji ambaye wateja wake ni watalii. Tuweke bei kwa dola?

Jibu: Kwa mauzo ya ndani ya nchi weka shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mgeni akilipa kwa kadi, benki yake inabadilisha yenyewe.

Lindi mjini: Wauzaji wangu wengine wana simu za vitochi. Watajuaje wamelipwa?

Jibu: Dada, muombe mtoa huduma awatumie meseji yenye jina moja maalumu la mtumaji, na uwafundishe jina hilo ana kwa ana. Kisha wape menyu ya nyota na reli ya kuhakiki oda kwa namba yake. Asiyeweza kuhakiki, apige simu kwako kabla ya kupakia. Usimwandikishe muuzaji mpya hadi amefanya zoezi hilo mbele yako kwa oda ya shilingi 1,000.