Pima mrija kabla hujalipia tarumbeta

Hapa Mwanza, ala yoyote ya shaba ikipita juu ya Canter kuelekea ukumbini, watu wanaiita tarumbeta. Ukienda kununua iliyotumika, uzembe huo wa majina unakula hela. Mimi niliuziwa baritoni nikiambiwa ni yufoniamu, ala mbili za shaba za sauti nzito zinazofanana kwa macho. Zote zina mrija wa kama mita 2.7 na noti zinalingana, kwa hiyo sikushtuka hadi siku ya mazoezi. Siku hizi napima hivi.

Hatua ya 1: urefu. Chukua mshipi wa kuvulia, uupitishe juu ya mrija kuanzia kwenye kipulizio, kona kwa kona, hadi ukingo wa mdomo mpana. Ruka mirija ya valvu (vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole), maana hewa haipiti humo mpaka ubonyeze. Ukiunyoosha mshipi, tarumbeta ya B fleti itakaribia mita 1.5, na tromboni, mrija wake wa kuteleza ukiwa umesukumwa ndani kabisa, 2.7. Koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, huonekana kibonge, lakini ni sawa na tarumbeta. Imekunjwa zaidi tu.

Hatua ya 2: unene. Hapa usiwe na haraka, ndipo nilipopigwa. Zungushia mrija ukanda wa karatasi, tia alama, pima, kisha gawa kwa 3.14. Rudia kila shubiri, ukikwepa viungo vilivyochomelewa. Namba zikiganda palepale, mrija ni silinda. Zikizidi kupanda, ni koni.

Tromboni haina ujanja: mrija wa kuteleza ndani ya mwingine lazima uwe na unene uleule mwanzo hadi mwisho, la sivyo utakwama au utavujisha hewa. Tarumbeta nayo ni silinda kwa sehemu kubwa, halafu inafumuka kuelekea mdomo mpana. Flugeli, ala inayofanana na tarumbeta ila sauti yake ni laini, hupanuka karibu njia nzima, ndiyo maana kuituni (kurekebisha sauti yake) unasogeza mrija wa kipulizio wenyewe. Yufoniamu huanza kunenepa mapema, baritoni huchelewa. Usihukumu kwa mirija ya valvu, hiyo ni silinda hata kwenye tuba, ile ala kubwa ya besi.

Hatua ya 3: puliza kwa nguvu. Silinda hutoa sauti kali, yenye makali ya bati. Koni hubaki nene na laini, tamu kwa besi za tenzi kanisani.

Ile baritoni sikuirudisha. Msafara ukitoka Igoma na honi za bodaboda zote zile, inapenya kuliko yufoniamu ya mwenzangu.