Namna ya kuchagua dawa za kuoshea magari kwa kituo cha kujihudumia

Katika kituo cha kujihudumia unachouza ni dakika. Mteja analipa, anageuza kitufe, anashika bomba mwenyewe, na saa inahesabu. Dawa iliyofaa sana mikononi mwa waosha magari wenye uzoefu inaweza kufeli hapa, kwa sababu anayeitumia hajafundishwa, hana glavu, ana haraka, na pengine mtoto amekaa kiti cha nyuma dirisha likiwa wazi. Kwa hiyo unahitaji dawa inayofanya kazi upesi, inayosuuzika kwa maji machache, na inayosamehe makosa. Ukishapata inayokidhi hayo matatu, ndipo uangalie bei.

Na bei yenyewe usiisome kwenye dumu. Kinachoingia kwenye gari ni dawa iliyozimuliwa, hivyo linganisha gharama ya lita iliyozimuliwa, kisha gharama ya dakika. Chukua dumu mbili za lita 20. Ya kwanza inauzwa 100, ya pili 240, kwa sarafu yoyote unayotumia. Ya kwanza inazimuliwa 1:100, ya pili 1:400.

Ya kwanza: 100 ÷ 20 = 5 kwa lita. Lita moja inazaa lita 101 za maji ya sabuni, sawa na 0.05 kwa lita. Bomba likitoa lita 12 kwa dakika, dakika moja inagharimu 0.59.

Ya pili: 240 ÷ 20 = 12 kwa lita. Lita moja inazaa lita 401, sawa na 0.03 kwa lita. Dakika moja ni 0.36.

Dumu "ghali" ndilo rahisi. Lakini mashine yako ikinyonya dawa hiyo ya pili kwa 1:200 badala ya 1:400, dakika inafika 0.72 na faida yote imekwenda mtaroni. Ndiyo maana maamuzi ya dawa na upimaji wa mashine haviwezi kutenganishwa, na tutarudi huko.

Uwiano ulioandikwa kwenye lebo ni wa muuzaji. Wengine huandika uwiano mpana kupita kiasi ili hesabu ipendeze, huku wakijua kwamba kwa kiwango hicho gari halitatakata. Uwiano wa kuweka kwenye hesabu ni ule ulioujaribu wewe, kwa maji yako na uchafu wa magari yako.

Usidanganywe na uzito wala povu

Sabuni nzito kama asali haimaanishi ina nguvu. Shampuu nyingi huongezwa unene kwa chumvi ya kawaida, na chumvi haiondoi tope. Povu nalo kazi yake ni mbili: kukaa kwenye gari ili dawa isidondoke haraka, na kumwonyesha mteja kwamba anapata alicholipia. Hiyo ya pili isidharauliwe, maana mteja asiyeona povu huamini mashine imeharibika. Lakini povu jingi lisilokufa hudai dakika nyingi za kusuuza, na mteja ambaye pesa yake imeisha huku mlango bado una sabuni harudi tena.

Ukitaka kulinganisha shampuu mbili zinazodai ukali sawa, pima gramu 10 za kila moja kwenye sahani ya chuma, zikaushe kwenye joto la nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, kisha pima kilichobaki. Iliyobakiza gramu 1 ilikuwa na maji na vitu vinavyoruka kama asilimia 90. Kipimo hiki ni butu, kwa sababu chumvi nayo inabaki sahanini, ila kinamuumbua haraka anayeuza maji ya rangi. Usikifanye kwa asidi wala kwa dawa zenye viyeyusho vinavyoshika moto.

Sabuni ya vyombo na ya unga ya kufulia ndizo njia za mkato zinazojaribiwa kwanza. Ya vyombo ina povu gumu kusuuza na huondoa nta iliyokuwa kwenye rangi. Ya unga huwa na vijazio na chembe zisizoyeyuka vizuri, zinazoziba nozeli na kukwaruza rangi chini ya brashi. Ulichookoa dukani utakilipa kwa fundi wa pampu.

Asidi, alikali, na kipi kiwekwe wapi

Dawa ya kulowesha kabla ya kuosha kwa kawaida huwa ya alikali, yaani kinyume cha asidi, kwa sababu alikali hulainisha grisi, mafuta na wadudu waliogandamana. Kumbuka kwamba kuzimua hakushushi pH (kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alikali) kama watu wanavyodhani: mmumunyo wa alikali kali wa pH 13 ukizimuliwa mara mia moja bado uko karibu na pH 11. Kwa hiyo pima pH ya maji yanayotoka kwenye bomba kwa karatasi za pH, usitosheke na ya dumu. Soda kali, ambayo ni alikali kali, huunguza ngozi na kuacha madoa meupe kwenye mapambo ya aluminiamu, hasa ikikauka juani. Zipo dawa za alikali zinazotumia silikati kulinda metali, na hizo ndizo zinazofaa mahali ambapo mteja ndiye mwenye bomba.

Kwenye rimu ndiko majaribu yalipo. Dawa zenye asidi ya hidrofloriki au amonia baifloridi husafisha rimu kwa sekunde chache, ila hula vioo na aluminiamu, na majeraha yake huweza kuanza bila maumivu huku floridi ikizama kwenye nyama. Dawa ya namna hiyo haina nafasi kwenye kitufe cha mteja, hata ikiletwa bure. Tumia ya alikali nyepesi au isiyoelemea upande wowote, na ukubali kwamba rimu iliyoachwa miezi itahitaji brashi.

Shampuu ya brashi iwe karibu na pH 7 hadi 9 na iwe telezi, kwa sababu utelezi ndio unaozuia nywele za brashi kuburuta mchanga kwenye rangi. Hapa usibane sana matumizi. Utando mwembamba wa barabarani umeshika rangi kiasi kwamba pampu ya presha peke yake haiutoi, unataka msuguano.

Nta na dawa za kukaushia nyingi zina chaji chanya, wakati shampuu nyingi zina chaji hasi. Zikikutana kwenye tangi au bomba moja huungana na kuwa ute mweupe au mabonge kama gundi, na zote mbili hupoteza kazi. Kabla ya kununua nta mpya, changanya kijiko cha shampuu iliyozimuliwa na kijiko cha nta iliyozimuliwa kwenye glasi. Ikigeuka maziwa au kutoa vipande, hakikisha kila moja ina mstari wake na kwamba kusuuza kunakuja katikati.

Maji kwanza

Kabla hujabadilisha dawa, pima ugumu wa maji, yaani wingi wa madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo. Madini hayo hukamata sehemu ya sabuni kabla haijagusa uchafu, na hulazimu dawa iwe na viambato vya kuzifunga, ambavyo unavilipia. Maji yakizidi miligramu 120 kwa lita, yakipimwa kama kalsiamu kaboneti, ni magumu. Mashine ya kulainisha maji kwa chumvi inaweza kupunguza matumizi ya dawa kuliko mabadiliko yoyote ya muuzaji. Ila maji laini husuuza povu polepole, hivyo usilainishe halafu ukaacha kipimo cha sabuni palepale, shusha.

Kulainisha hakuondoi madoa ya matone, kwa sababu chumvi bado zimo majini, zimebadilishwa aina tu. Suuza ya mwisho isiyoacha madoa hutaka maji yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume, yaani kusukumwa kwa presha kupitia utando unaozuia chumvi.

Pima mashine yako

Mifumo mingi hunyonya dawa kwa venturi: maji yanayopita kwa kasi huvuta dawa kupitia kizibo kidogo chenye tundu. Tundu ndilo linaloamua uwiano, pamoja na unene wa dawa na presha ya maji. Asubuhi ya baridi dawa huwa nzito na hunyonywa kidogo. Presha ya maji ikishuka, ufyonzaji nao hushuka.

Fanya hivi kwa kila kitufe:

1. Toa mrija kwenye pipa, uweke kwenye chombo chenye mililita 500 za dawa hiyohiyo. Subiri hewa yote itoke.
2. Endesha kitufe kwa sekunde 60 kamili na kusanya maji yote kwenye pipa tupu. Kwa bunduki ya presha kubwa, ingiza mdomo wake ndani kabisa na uishike kwa mikono miwili.
3. Soma dawa iliyopungua na lita zilizokusanywa. Lita 12 kwa mililita 60 ni karibu 1:200.
4. Badilisha kizibo, rudia. Andika tarehe na joto la siku.

Kama dawa inachanganywa kwanza kwenye tangi lenye boya, usipime bombani. Toa lita 20 tangini, acha lijae tena, uone dawa iliyoingia.

Dawa iliyokolea sana ina mtego wake. Kwa 1:800 na lita 12 kwa dakika unahitaji mililita 15 tu, na tundu dogo kiasi hicho huziba kwa chembe moja. Izimue kwanza kwenye pipa lako, sehemu moja kwa tatu za maji laini, kisha tumia kizibo kikubwa zaidi. Kama ni asidi, mimina asidi kwenye maji, kamwe usifanye kinyume, na isikaribiane na klorini.

Matumizi yakibadilika ghafla, lawama isiende kwa dawa kwanza. Mapovu ya hewa kwenye mrija ni ufa au kiungo kilicholegea. Pipa linaloongezeka kimo usiku ni valvu ya kuzuia kurudi inayovuja, na maji yanaingia kwenye dawa yako. Chujio la chini ya mrija likijaa matope, gari litatoka chafu na utaambiwa sabuni ni mbovu.

Jaribio la kununua

Omba sampuli na karatasi ya taarifa za usalama. Sehemu ya 2 inataja hatari, ya 3 viambato, ya 9 pH na uzito. Asiyetaka kuitoa, achana naye.

Weka dawa mpya kwenye kibanda kimoja kwa wiki mbili, vingine vikiendelea na ya zamani. Kila asubuhi pima kimo cha pipa na soma mita ya dakika, upate mililita kwa dakika. Baada ya gari kusuuzwa na kukauka, pitisha kitambaa cheupe mlangoni chini, pale uchafu unapokaa zaidi. Anza na kipimo cha lebo, kisha kipunguze hatua kwa hatua hadi kitambaa kianze kuchafuka, halafu rudi hatua moja juu. Hapo ndipo uwiano wako ulipo, na ndio wa kuingiza kwenye hesabu ya mwanzo.

Angalia pia shimo la kutenganisha mafuta. Dawa zenye viyeyusho huchanganya mafuta na maji kiasi kwamba hayaelei tena, yanapita hadi mtaroni. Chota maji ya shimo kwenye chupa kabla na wakati wa jaribio, yaache yatulie saa 1. Yakibaki na ukungu wa maziwa ilhali ya zamani yalitengana, gharama ya kusafisha shimo hilo nayo iongeze kwenye bei ya dumu.