Land Cruiser Ikinywa Maji: Usipige Stata

Land Cruiser ya dizeli ikizimika mtoni, usipige stata hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta, koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inapinda.

Ivute hadi pakavu, chomoa betri, fungua ea klina. Elementi (chujio lake) ikiwa imelowa mpaka ndani, hesabu kwamba injini imekunywa. Kausha na mabomba ya hewa. Kwenye injini ya 1HZ, fungua hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) zote 6, waya wake uzungushie tepu usiguse bodi, chomoa na waya wa solenoidi ya pampu (vali ya umeme inayofungulia dizeli) ili dizeli isirushwe. Zungusha kranki kwa spana, taratibu, mizunguko 2. Ikigoma, usilazimishe. Ikikubali, rudisha betri, kaa mbali na matundu, piga stata sekunde tano tano hadi maji yaishe, kisha rudisha plagi na waya.

Chomoa dipstiki: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Imwage kabla ya kuwasha, badili filta, weka mpya, iache iungurume sailensa (bila kukanyaga mafuta) dakika 10, kisha imwage tena (tumia ya bei nafuu mara ya kwanza). Filta ya dizeli nayo itoe maji.

Ikigonga, pima kompresheni (mgandamizo wa silinda): silinda yenye kompresheni ndogo kuliko wenzake huenda ndiyo yenye rodi iliyopinda.