Saa mbili tu mbele ya chati

Niko Katuba, Lubumbashi, na kazi yangu ni kununua na kuuza dhahabu kwenye intaneti, siku hiyohiyo.

Anza kwa kuchagua saa zako. Soko la hisa la New York linafunguliwa saa tisa na nusu mchana kwetu, au saa kumi na nusu Marekani wakirudisha saa nyuma. Nafanya kazi saa mbili kuanzia hapo, basi. Asubuhi nasoma chati, ile michoro ya bei, bila kugusa kitufe.

Hasara ipangie mapema. Akaunti yangu ina dola 400. Kila biashara nahatarisha dola 4, na amri ya kukata hasara (inafunga biashara yenyewe bei ikifika nilipoweka) naiweka palepale ninapoingia. Umeme wa huku hauagi ukiondoka, na bei haikungojei uwashe jenereta. Nikipoteza mara mbili, nafunga kompyuta, naenda kusonga bukari, ugali wetu (mke wangu anacheka, inatoka na madonge). Ukali huu niliununua: siku moja nilikimbiza hasara mpaka nusu ya akaunti ikaisha. Ukipoteza asilimia 50, unahitaji faida ya asilimia 100 kurudi ulipokuwa. Piga hesabu mwenyewe.

Magrupu ya WhatsApp ya kuuza siginali, yaani maelekezo ya lini ununue au uuze, toka.

Shika daftari. Andika sababu kabla ya kuingia. Ukikosa sababu ya mstari mmoja, usiingie. Kwangu kuna kurasa zimeandikwa "hasira" tu.

Pesa ya kodi ya nyumba anaiweka mama watoto. Hata sijui anaificha wapi.