Namna ya Kusoma Majaribio ya Dawa za Kuziba Kalsiamu na Raha ya Vichangamshi

Majaribio haya huuliza kama dawa zinazozuia kalsiamu kuingia kwenye seli hupunguza raha ya vichangamshi, yaani dawa za kulevya zinazousisimua ubongo kama kokeini na amfetamini. Kabla ya kuyaamini matokeo ya jaribio lolote, tazama kwanza ni kichangamshi gani kilichotumika. Kokeini huziba protini inayoirudisha dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, ndani ya seli ya neva, kwa hiyo nguvu yake hutegemea seli iendelee kuimwaga dopamini kwa njia yake ya kawaida, ambayo haiwezekani bila kalsiamu kuingia. Amfetamini huigeuza protini hiyohiyo iitoe dopamini nje, na njia hiyo haitegemei sana kalsiamu. Ndiyo maana si haki kuchukua matokeo ya kokeini na kuyahamishia kwenye amfetamini.

Kisha itazame dawa yenyewe. Isradipini na nifedipini, ambazo ni tiba za shinikizo la damu, huziba mifereji ya kalsiamu ya aina ya L, mojawapo ya aina za milango ambayo kalsiamu hupitia kuingia kwenye seli. Kwenye ncha za neva, umwagaji wa dopamini hutegemea zaidi aina nyingine za mifereji, ilhali ile ya L hushiriki zaidi katika mwili wa seli, kwenye mpigo wake wa umeme na mabadiliko ya kudumu yanayofuata.

Hatua inayohitaji subira kubwa ni kupima kama kilichopungua ni raha kweli. Katika jaribio la upendeleo wa mahali, panya hupewa kokeini ndani ya chumba kimoja na maji ya chumvi ndani ya kingine, kisha huachwa achague bila dawa. Akikipendelea chumba cha kokeini, huchukuliwa kuwa aliipata raha humo. Isradipini imewahi kuuzuia upendeleo huo. Hata hivyo, hakikisha lipo kundi lililopewa isradipini peke yake, kwa sababu dawa inayomchukiza panya inaweza kuonekana kana kwamba imeifuta raha. Panya anayejidunga kokeini mwenyewe kwa kubonyeza wenzo huleta mtego mgumu zaidi: hubonyeza mara chache dozi ikiwa dhaifu mno, na vilevile ikiwa kubwa, kwa kuwa ameshatosheka. Kupungua kwa mibonyezo, basi, kunaweza kumaanisha raha imeshuka, imepanda, au mnyama amelegea tu. Mimi siridhiki na dozi moja; natafuta dozi kadhaa, kipimo cha mwendo wa mnyama, na panya wengine wanaobonyeza wenzo kwa ajili ya chakula.

Ukifika kwa binadamu, punguza matarajio. Majaribio ya amlodipini, dawa nyingine ya kundi la isradipini, kwa watu wenye uraibu wa kokeini hayakuonyesha faida iliyo wazi kuliko dawa bandia. Uliza tofauti ya hali: panya mara nyingi hupewa dawa ya kuziba kalsiamu kabla hajazoea kokeini, ilhali mgonjwa huja na miaka ya matumizi, kumbukumbu na tamaa. Mgonjwa huyo asijaribu dawa hizi bila daktari, kwani zinaweza kushusha shinikizo la damu kupita kiasi.