Namna ya Kumwekea Mwalimu Mkuu Malengo Yanayopimika

Kila mwaka wa fedha unapoanza, walimu wakuu wa shule za umma nchini Tanzania na wasimamizi wao hukubaliana juu ya kazi zitakazopimwa hadi Juni ya mwaka unaofuata. Zamani makubaliano hayo yaliandikwa katika fomu za OPRAS za kupima utendaji wa watumishi, zilizoanza kutumika katika utumishi wa umma mwaka 2004. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Chombo kimebadilika, lakini maneno yanayoingizwa humo mara nyingi ni yaleyale: "kuinua taaluma", "kuimarisha nidhamu", "kuboresha mahusiano na jamii". Hakuna anayeweza kuthibitisha mwezi Juni kwamba nidhamu imeimarika au haikuimarika, na kwa sababu hiyo alama hutolewa kwa kufuata mazoea, ukaribu, au matokeo ya mtihani mmoja wa taifa ambao mwalimu mkuu mwenyewe huenda hakuuandalia wanafunzi.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa yule anayempima mwalimu mkuu, awe Afisa Elimu Kata, mjumbe wa kamati ya shule au mmiliki wa shule binafsi. Mifano mingi ni ya shule ya msingi, ila hoja zake zinamhusu pia mkuu wa shule ya sekondari.

Takwimu za kuanzia

Lengo haliwezi kuandikwa kabla ya kujua shule inaanzia wapi. Tenga siku nzima uende shuleni, ukae na rejista ya uandikishaji, madaftari ya mahudhurio, matokeo ya mitihani ya miaka mitatu iliyopita, taarifa za mapato na matumizi, na ripoti ya mwisho ya wathibiti ubora wa shule. Hesabu mwenyewe. Takwimu zinazopelekwa ofisini kila mwezi zina tabia ya kuwa nzuri kuliko hali halisi, si lazima kwa nia mbaya, bali kwa sababu mtu aliyeulizwa mahudhurio kwa simu saa nne asubuhi hutaja wastani anaoukumbuka. Ingia katika madarasa mawili au matatu bila taarifa, hesabu vichwa, kisha linganisha na daftari la siku hiyo. Tofauti utakayoipata ndiyo itakayokuonyesha ni kiasi gani uyaamini madaftari mengine.

Mwalimu mkuu awepo katika zoezi hilo tangu mwanzo hadi mwisho na atie saini takwimu mlizozipata pamoja. Ubishi juu ya mahali shule ilipoanzia ni rahisi kuumaliza Julai, wakati hakuna anayesubiri alama, kuliko Juni.

Lengo la matokeo ya mitihani, na hatari yake

Hapa ndipo wapimaji wengi hukosea, na kosa lenyewe huwaumiza watoto. Lengo linalozoeleka ni "kupandisha ufaulu wa darasa la saba kutoka asilimia 78 hadi 90". Linaonekana safi: lina namba, lina mwanzo na lina mwisho. Tatizo ni kwamba asilimia hiyo hupatikana kwa kugawanya waliofaulu kwa waliofanya mtihani, na mwalimu mkuu anayebanwa ana njia mbili za kuipandisha. Anaweza kuwafundisha wanafunzi vizuri zaidi, au anaweza kuhakikisha kwamba walio dhaifu hawafiki kwenye chumba cha mtihani.

Tuchukue shule mbili za mfano. Ya kwanza ilikuwa na wanafunzi 64 darasa la tano. Miaka miwili baadaye 51 kati yao walifanya mtihani wa darasa la saba, na 46 wakapata daraja A hadi C, yaani wakafaulu. Ya pili ilianza na wanafunzi 60, wakafanya mtihani 58, wakafaulu 48. Kwa hesabu ya kawaida shule ya kwanza imefaulisha kwa asilimia 90 na ya pili kwa asilimia 83, na katika kikao cha wilaya ni ya kwanza itakayopigiwa makofi. Ukigawanya kwa walioanza darasa la tano, ya kwanza inashuka hadi asilimia 72 na ya pili inabaki na 80. Watoto 13 wa shule ya kwanza wamepotea katikati ya safari, na hesabu ya kawaida imempa mwalimu mkuu wao zawadi kwa kuwapoteza.

Jambo hili limekwisha kutokea nchini. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga shule kwa wastani wa alama za mtihani wa taifa na kuzitangaza kwa nafasi zake. Watafiti waliofuatilia utaratibu huo waligundua kwamba shule zilizoshika mkia katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, na wakati huohuo idadi ya wanafunzi wao wa darasa la saba waliofanya mtihani ilipungua. Baraza la Mitihani nalo liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, yaliyotolewa Januari 2023. Hata hivyo orodha za namna hiyo bado hubandikwa katika ofisi nyingi, na katika baadhi ya shule binafsi mchujo wa wanafunzi kabla ya darasa la mtihani umegeuka kuwa sehemu ya biashara. Mmiliki anayempima mkuu wake wa shule kwa idadi ya divisheni ya kwanza peke yake asishangae kuona madarasa ya juu yakipungua wanafunzi.

Dawa ni kubadilisha kigawanyo. Andika lengo la matokeo kwa kuhesabu wanafunzi wote waliokuwa shuleni miaka miwili au mitatu kabla ya mtihani, na umpunguzie mwalimu mkuu wale tu ambao uhamisho wao umethibitishwa na barua ya shule iliyowapokea. Mtoto aliyeacha shule, aliyekaririshwa darasa au aliyeondoka bila barua abaki katika hesabu.

Yapo mambo mengine matatu yanayohusu mitihani ambayo hayana budi kuangaliwa. La kwanza ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai, ilhali mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Mwalimu mkuu anayesaini malengo Julai ana muda wa miezi miwili hivi kabla ya mtihani, na sehemu ya muda huo ni mazoezi na marudio tu. Matokeo ya Septemba hiyo ni mavuno ya kazi iliyopandwa miaka mingi nyuma, pengine na mtu mwingine kabisa. Yaandike kama taarifa, na uzito mkubwa wa alama uuweke kwenye vipimo vya ndani vya madarasa ya chini, ambavyo mwalimu mkuu wa sasa anaweza kuvibadilisha kabla ya Juni.

La pili ni ukubwa wa darasa. Shule yenye watahiniwa 38, ambayo 27 kati yao wamefaulu, ina ufaulu wa asilimia 71; akifaulu mmoja zaidi, inafika karibu asilimia 74. Kumpa mwalimu mkuu lengo la kupanda asilimia mbili katika shule kama hiyo ni kumpima kwa mtoto mmoja aliyeamka na homa siku ya mtihani. Kwa shule ndogo tumia wastani wa miaka mitatu, au andika idadi ya wanafunzi badala ya asilimia.

La tatu linahusu sekondari, nalo ni maana ya neno "ufaulu". Katika kidato cha nne neno hilo hujumuisha divisheni ya nne. Shule inaweza kujisifu kwa ufaulu wa asilimia 95 huku theluthi mbili ya wanafunzi wake wakiwa katika divisheni hiyo ya mwisho. Lengo liseme wazi ni divisheni zipi zinazohesabiwa.

Kwa shule za msingi, anayeweka malengo ya miaka kadhaa akumbuke pia kwamba wanafunzi walioanza mtaala ulioboreshwa mwaka 2024, wakiwemo waliokuwa darasa la tatu mwaka huo, watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, hivyo mwaka 2027 shule zitakuwa na makundi mawili yanayomaliza kwa pamoja, na kulinganisha mwaka huo na uliotangulia kutahitaji uangalifu.

Kilicho mikononi mwake

Nimewahi kusoma fomu ya mwalimu mkuu aliyejiwekea lengo la "kuhakikisha shule inakuwa na walimu wa kutosha". Mwalimu mkuu haajiri wala hapangi walimu vituo. Lengo la namna hiyo humwadhibu kwa jambo lisilo lake au, mara nyingi zaidi, humpa udhuru wa kudumu. Ondoa katika orodha kila kinachoamuliwa na halmashauri, Tume ya Utumishi wa Walimu au wizara: idadi ya walimu, ujenzi wa madarasa, tarehe za kupokea fedha. Kinachobaki ni kingi kuliko inavyodhaniwa.

Cha kwanza, na kwa maoni yangu chenye thamani kuliko vyote, ni vipindi vinavyofundishwa. Mwalimu kuwepo shuleni si sawa na kuwepo darasani. Kila aliyewahi kukaa chini ya mwembe wa shule saa tano asubuhi analijua hilo. Mwalimu mkuu hawezi kuongeza walimu, lakini anaweza kuhakikisha kwamba waliopo wanaingia darasani. Pima kwa daftari la vipindi linalotunzwa na kiranja wa darasa, na usiliamini peke yake. Kila robo ya mwaka chagua siku tano bila mpangilio, kisha ufungue madaftari ya wanafunzi sita wa darasa husika. Madaftari ya wanafunzi yana tarehe. Kama daftari la vipindi linasema Hisabati ilifundishwa Jumanne na hakuna mtoto hata mmoja mwenye tarehe ya Jumanne hiyo, umeshapata jibu.

Cha pili ni stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya chini. Chagua kwa bahati nasibu wanafunzi 20 wa darasa la tatu, umpe kila mmoja hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili aisome kwa sauti, na uhesabu wanaoisoma bila kukwama. Upimaji ufanywe na mwalimu kutoka shule jirani, Agosti na tena Mei. Zoezi hilo huchukua asubuhi moja na halihitaji fedha.

Cha tatu ni fedha. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, si nyingi, na kiasi kinachofika hakimtegemei mwalimu mkuu. Kinachomtegemea ni kama taarifa ya matumizi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo ndani ya siku saba baada ya robo kwisha, na kama kamati ya shule iliidhinisha matumizi kabla ya fedha kutoka. Yote mawili yana tarehe na mihtasari, kwa hiyo yanapimika bila mjadala.

Kuhusu mahusiano na wazazi, usihesabu mikutano. Hesabu wazazi waliofika.

Kuiandika sentensi yenyewe

Malengo matano yanatosha. Zaidi ya hapo mwalimu mkuu atafanya kazi ya kujaza mfumo badala ya kuongoza shule. Kila lengo litaje kinachopimwa, kinaanzia wapi, kifike wapi, lini, na ushahidi upi utakaoangaliwa na nani. Kwa mfano: "Kuongeza vipindi vya Hisabati na Kiswahili vinavyofundishwa darasa la tatu hadi la saba kutoka 68 hadi 85 kwa kila vipindi 100 vilivyopangwa, kufikia mwisho wa Mei, kwa ushahidi wa daftari la vipindi lililohakikiwa na Afisa Elimu Kata kila robo ya mwaka." Sentensi ni ndefu, lakini haiachi nafasi ya kubishana.

Hapohapo Julai, kubalianeni namba ipi itapata alama ipi. Je, aliyefika 80 badala ya 85 ameshindwa? Si haki kumweka kundi moja na aliyebaki 68. Andikeni kwamba 85 na kuendelea ni alama zote, 79 hadi 84 ni robo tatu, 73 hadi 78 ni nusu, na chini ya hapo hakuna. Usimwekee kila shule kiwango kilekile: shule inayoanzia 50 ikafika 70 imefanya kazi kubwa kuliko iliyoanzia 83 ikafika 85.

Lengo la matokeo liwekewe mlinzi wake, yaani lengo la pili linalozuia la kwanza lisifikiwe kwa njia ya mkato. Anayepimwa kwa ufaulu apimwe pia kwa wanafunzi wanaobaki shuleni, na ikubaliwe kwamba akishindwa la pili hapati alama zote za la kwanza.

Mwezi Januari kaeni tena. Mapitio ya nusu mwaka si ya kutoa alama bali ya kurekebisha: kama walimu watatu wamehamishwa na hakuna aliyeletwa, lengo la vipindi lishushwe kwa maandishi, na sababu yake iandikwe. Lengo lisishushwe kwa sababu tu halikufikiwa.

Na kama ni mwalimu mkuu mwenyewe aliyehamishwa katikati ya mwaka, siku ya makabidhiano rudieni kuhesabu kama mlivyofanya Julai, mbele ya anayeondoka, anayeingia na mwenyekiti wa kamati ya shule. Anayeondoka apimwe kwa umbali alioifikisha shule hadi siku hiyo, na mgeni aanze na takwimu za siku hiyo, zikiwa na saini za wote watatu.