Namna ya Kuandika Historia ya Redio ya Muziki wa Vijana Unguja

Anayetaka kuandika historia ya redio ya FM inayopiga zenji flava, yaani muziki wa vijana wa Zanzibar, hapa Unguja hana budi kwanza kuonyesha ilikotoka. Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Baada ya Mapinduzi ya 1964 redio ilibaki mikononi mwa Serikali, ikajulikana kwa miaka mingi kuwa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na mwaka 2013 ikaunganishwa na televisheni ikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC). Sheria ya 1997 ndiyo iliyounda Tume ya Utangazaji, chombo cha kusimamia vituo vya redio na televisheni. Hayo yanatosha aya moja.

Kazi nzito ni tarehe. Mtangazaji wa zamani atakueleza bila kusita kipindi chake kilianza saa ngapi, nani alikaa kwenye mitambo na wimbo gani ulifungulia, lakini ukimuuliza mwaka atakujibu, "Zamani hiyo, mwanangu." Usimshurutishe. Muulize kama kipindi kilikuwa kishaanza pale waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja ikakaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hapo atakumbuka jenereta, bei ya mafuta na saa walizolazimika kuzima mitambo. Angalia tu asichanganye na giza la 2008, lililoanza Mei na kudumu karibu mwezi mmoja. Kwa msikilizaji wa Wete kipimo hiki hakifai, maana wakati huo Pemba ilikuwa ikitumia majenereta yake ya Wesha. Yeye muulize kuhusu Septemba 2011, ilipozama meli ya MV Spice Islander iliyokuwa ikienda Pemba: siku zile redio ilikuwa ikisoma nini, na muziki ulirudi lini?

Nenda baada ya sala ya alasiri, piga hodi, amkia, na usitoe kinasa sauti kabla kahawa haijanywewa. Mimi niliwahi kukitoa mapema mno barazani kwa mzee mmoja. Akaanza kuzungumza kama anayesoma taarifa ya habari, na sikupata hata kisa kimoja cha maana.

Usiondoke bila kuulizia makasha yaliyo chini ya kitanda. Kadi za salamu zilizotumwa redioni, ambazo watu wengi huziona takataka, hutaja majina ya mitaa na vijiji, na kwa hizo utajua mawimbi yalifika wapi na nani waliokuwa wakisikiliza. Majina ya watu yaache bila kuyachapisha mpaka upate ruhusa yao.

Kaseti zinataka subira zaidi. Hewa ya pwani huotesha ukungu mweupe kwenye ukanda, kwa hiyo tazama kwanza kupitia kidirisha cha kaseti. Ukiuona, usiipige, mpelekee fundi. Ikiwa safi, vunja vile vijipande 2 vya plastiki vilivyo mgongoni ili isirekodiwe juu yake, ingiza penseli kwenye tundu, kaza ukanda uliolegea, kisha ihamishie kwenye kompyuta yote kwa mkupuo mmoja. Usiruke matangazo ya biashara wala utani wa kati ya nyimbo: tangazo la duka la Darajani lililokwisha kufungwa laweza kukupa mwaka ambao watangazaji 3 wameshindwa kukubaliana. Nakala ya kwanza irudishe kwa mwenye kaseti siku hiyo hiyo.